Pampu ya petroli inawaka vizuri, ila ikishika kazi inazima. Tatizo nini?

#1 Zabibu Chungu
Habari wadau. Nina pampu ya inchi 2, injini ya petroli HP 6.5 ya Kichina, zile zilizonakiliwa kutoka GX200 ya Honda. Namwagilia zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, maji natoa kwenye kisima kifupi nilichochimba korongoni.

Asubuhi nikivuta kamba inawaka bila ubishi. Inavuta maji dakika kumi, robo saa hivi, halafu inaanza kukohoa, inazima. Nikiiacha ipoe inawaka tena, lakini safari hii haifiki hata hapo ilipofika mwanzo. Plagi nimeweka mpya. Fundi wa hapa kijijini kasema injini imechoka, inataka ringi. Injini yenyewe haijafikisha miaka miwili. Nimeshakata matawi na mizabibu inachipua, maji yanahitajika sasa hivi. Anayejua aseme.

#2 Ngoja Waje
Ngoja waje wenye pampu zao.

#3 Spana Kumi
Ringi hapana. Ringi zikiisha injini inakuwa ngumu kuwaka, inatoa moshi wa bluu na kula oili. Yako inawaka kwa mvuto mmoja, kwa hiyo kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ipo.

Anza na kitu cha bure: mfuniko wa tangi. Una kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Vumbi la Dodoma likikiziba, petroli inashuka lakini hewa haiingii juu yake, mwisho tangi linajifunga pumzi na mafuta hayashuki tena. Injini inamaliza kilichobaki kwenye bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inakohoa, kwaheri. Ukiisubiri, hewa inapenya taratibu, inawaka tena. Siku ikizima, fungua mfuniko papo hapo usikilize. Ukisikia "pshh" umemkamata mwizi.

#4 Fundi wa Kizota
Hiyo ni koili, kile kifaa kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi. Nimefungua injini za aina hii nyingi hadi nimechoka. Waya wa ndani ya koili ukiwa na ufa, ikiwa baridi unagusana, ikipata joto unaachana, moto unakatika kwenye plagi. Ikipoa unagusana tena. Maelezo ya mleta uzi ni hayo hayo neno kwa neno. Asipoteze muda na mifuniko, anunue koili.

#5 Mama Vitunguu
Kabla hamjamnunulisha koili, mleta uzi tuambie petroli unanunua wapi? Kituoni au kwenye chupa za barabarani?

#6 Zabibu Chungu
@Spana Kumi asante, kesho nasikiliza hiyo pshh.
@Mama Vitunguu kituoni naenda nikiwa na safari ya mjini. Siku nyingine nachukua za chupa hapa njia panda.

#7 Mama Vitunguu
Basi anzia hapo, kaka. Mimi nalima vitunguu huku Singida, na pampu yangu ilinisumbua hivyo hivyo msimu mzima. Chupa za barabarani zilikuwa na maji ya konyagi sijui, au mvua iliingia. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini kabisa ya bakuli la kabureta, na jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, inanyonya kutoka huko huko chini. Injini ikimeza tone la maji inakohoa, ikimeza mawili inazima. Chukua chupa ya maji nyeupe, mimina petroli yako humo, iache itulie kivulini. Ukiona kama shanga zinazunguka chini, hayo ni maji.

Nilikuwa nimeshanunua koili mbili, @Fundi wa Kizota. Zipo kabatini mpaka leo kama unazihitaji.

#8 Mwana Bahi
#7 😂😂 koili mbili kabatini. Fundi jibu hoja.

#9 Fundi wa Kizota
Mama ya kwako ilikuwa ya kwako. Maji kwenye mafuta hayasubiri injini ipate joto, yanasumbua hata asubuhi. Ya huyu inaanza vizuri kila siku. Joto ndilo linaleta shida, na kitu kinachokufa kwa joto ni koili.

#10 Dereva Mstaafu
Kuna kanuni tuliyofundishwa zamani na bado inafanya kazi: injini ikikata ghafla kama umezima swichi, tafuta upande wa moto, yaani umeme wa cheche. Ikikohoa, ikapungua nguvu, ikafa taratibu, tafuta upande wa mafuta. Mleta uzi kaandika "inaanza kukohoa". Mimi naegemea kwa mama.

Halafu jaribu hili. Ikianza kukohoa tu, vuta choki (ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha) nusu. Ikipata uhai, injini ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kufa, ama imeshiba kupita kiasi ama moto ndio hakuna.

#11 Msomi wa Makulu
Mmesahau mwinuko. Dodoma ipo juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mchanganyiko wa petroli na hewa unaharibika. Injini hizi zinatengenezwa kwa ajili ya nchi za chini. Abadilishe jeti.

#12 Spana Kumi
#11 mkuu, Dodoma mjini ni kama mita 1,120. Kitabu cha Honda chenyewe kinaanza kuzungumzia kubadilisha jeti ukivuka mita 1,500. Nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, hilo ni kweli, lakini injini haisubiri robo saa ndipo ikumbuke kwamba ipo Dodoma. Ingekuwa mwinuko, watu wa Mbeya wangekuwa wanamwagilia kwa ndoo.

#13 Msomi wa Makulu
Sikusema ndiyo sababu pekee.

#14 Mwana Bahi
Umesema "mmesahau" kwa kujiamini sana mkuu 😂

#15 Babu Kilimo
Vijana, mleta uzi amesema pampu ipo korongoni. Imekaaje? Sawasawa au imeinama?

#16 Zabibu Chungu
Shikamoo babu. Imeinama kidogo. Ukingo wa korongo una mteremko, nimeichimbia kidogo na kuikingia jiwe isitelezee kisimani.

#17 Babu Kilimo
Marahaba. Nilidhani hivyo. Injini hizi chini kwenye tumbo la oili zina kifaa kama boya kinachopima oili. Ikishuka, boya linakata moto wa koili ili injini isinoki. Injini nzima inachukua kama lita 0.6 tu, ni vikombe viwili na nusu hivi vya chai, kwa hiyo ikipungua kidogo na mashine ikiinama, upande wa boya unabaki mkavu.

Sasa sikiliza kwa nini inachelewa kuzima. Ikiwa imelala, oili yote imetulia chini, boya linaelea, inawaka. Ikifanya kazi, oili inarushwa juu, inapakaa kila mahali, ile ya chini inapungua. Boya linashuka, moto unakatika. Ukiiacha inapoa, oili inachuruzika kurudi chini, inawaka tena. Mwenyewe unadhani ni joto.

Weka pampu kwenye tambarare. Chomoa kifuniko cha oili, oili ifike kwenye ukingo wa tundu kabisa, karibu kumwagika. Ndicho kipimo chake.

#18 Fundi wa Kizota
Babu hapo umenena. Hata mimi ningeanza na oili.

#19 Mama Vitunguu
Ungeanza na oili?? Soma #4 yako mkuu.

#20 Fundi wa Kizota
Oili kwanza, ikishindikana koili. Hoja yangu ipo pale pale.

#21 Chuma Chakavu
Nyongeza kwa babu: unaweza kulijaribu boya bila kununua chochote. Kuna waya wa njano unatoka ubavuni mwa injini, chini. Uchomoe kwenye kiungio chake, washa. Ikienda bila kuzima, shida ni oili au hilo boya. Lakini ukishajua, urudishe! Nimeona watu wa Kibaigwa kwenye mashine za kupukuchua mahindi wanauacha umechomolewa mwaka mzima, oili inaisha, piston inaganda, halafu wanasema za Kichina mbovu.

Angalizo lingine, oili isizidi pia. Ikizidi inapandia kwenye bomba la kupumulia, inaingia kwenye filta ya hewa, sponji inalowa, injini inakosa hewa, inatoa moshi na kuzima.

#22 Kibaigwa Kwetu
Kwani lazima utaje Kibaigwa?

#23 Chuma Chakavu
Nimetaja nilikoona mkuu. Ya Kongwa mjini sijaiona.

#24 Sola Ndiyo Jibu
Ndugu zangu, Dodoma mvua ni ya Desemba hadi Aprili, miezi mingine yote jua linawaka bure. Uza hiyo pampu ununue ya sola. Haina plagi, haina kabureta, haina chupa za njia panda.

#25 Mama Vitunguu
Na paneli zikiibiwa usiku korongoni unamwagilia na nini? Twende na mada.

#26 Zabibu Chungu
Narudi na majibu.

Oili ilikuwa chini kidogo ya ukingo wa tundu. Nimeongeza, nimeiweka pampu kwenye kitako tambarare cha udongo. Imeenda muda mrefu kuliko kawaida, nikafurahi, nikaanza kuhamisha mpira kwenye mstari mwingine. Ikazima. Nikakimbia kufungua mfuniko wa tangi: pshh ilikuwepo, lakini ndogo sana, sijui ni kawaida. Nikafunga kwa kulegeza, ikawaka, baadaye ikazima tena. Choki nilivuta nusu mara ya kwanza ikapata uhai. Mara ya pili haikusaidia, ilikata ghafla.

Waya wa njano nimechomoa pia. Bado inazima. Nimeurudisha.

Petroli kwenye chupa: hakuna shanga, ila chini kuna vumbi jekundu kama la barabara ya kwetu.

#27 Dereva Mstaafu
Mara moja inakufa taratibu na kupona kwa choki, mara nyingine inakata ghafla. Hapo una magonjwa mawili au kipimo kimoja hakijafanyika vizuri.

#28 Spana Kumi
Vumbi jekundu! Hapo hapo. Koki ya mafuta ina kikombe kidogo chini chenye wavu, wengi hawajui kama kinafunguka. Fungua usafishe. Kisha chunguza mpira wa mafuta, mingine ya bei rahisi inavimba kwa ndani ikizeeka, nje unaonekana mzima.

Halafu kipimo kikubwa. Ikizima tu, kabla haijapoa, chini ya bakuli la kabureta kuna kibolti cha spana namba 10. Kilegeze, kinga kikopo, koki ikiwa wazi. Petroli ishuke mfululizo bila kukatika. Ikitoka kidogo halafu inadondoka matone, njia imeziba kati ya tangi na kabureta. Ikitoka vizuri, njia ni nzima, twende kwenye jeti au kwa fundi wetu na koili yake.

#29 Mnyaturu Halisi
Na usivute sigara ukifanya hivyo. Ekzosi ipo hapo hapo na bado ya moto. Jirani yangu aliunguza nyusi.

#30 Mwana Bahi
Zilirudi?

#31 Mnyaturu Halisi
Zilirudi zikiwa nyembamba, sasa anasingizia umri.

#32 Chuma Chakavu
Jeti kubwa ikiziba nusu ndiyo inatoa dalili za kuwaka vizuri na kufa kwenye mzigo. Kwenye sailensa, yaani ikinguruma taratibu bila mzigo, injini inakula kutoka njia ndogo, ukipandisha mafuta inahitaji jeti kubwa, haipati. Fungua kabureta, toa jeti, itazame dhidi ya jua. Uone tundu la duara safi. Usichokonoe na sindano ya kushonea wala msumari, utalipanua na injini itakula petroli kama lori. Chukua uzi mmoja kutoka waya wa breki ya baiskeli, pitisha taratibu, kisha puliza kwa kompresa. Wale wa kuziba pancha hapo barabarani wanakupulizia kwa bei ya soda.

#33 Msomi wa Makulu
Angalieni pia gasketi kati ya kabureta na injini. Ikipasuka inaingiza hewa ya wizi, na ikipata joto ufa unafunguka zaidi. Ikiwa inanguruma puliza maji ya sabuni kidogo eneo lile, mlio ukibadilika gasketi imekufa.

#34 Spana Kumi
#33 hii sasa ni hoja. Nakubali.

#35 Msomi wa Makulu
Asante. Naomba mwinuko usitajwe tena.

#36 Tapeti Geji
Nimesoma uzi wote, hakuna aliyetaja valvu, vile vifuniko vya kuingiza na kutolea hewa kwenye silinda. Injini ikipata joto vyuma vinatanuka. Kama nafasi ya valvu imebana, ikiwa baridi inafunga, ikiwa ya moto haifungi mpaka mwisho, kompresheni inavuja, injini inazima na kamba inakuwa laini ukivuta. Ikipoa inarudi. Kwa GX nafasi ni milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutolea, ikipimwa ya baridi. Mleta uzi, ikizima na bado ni ya moto, vuta kamba uone: ngumu kama kawaida au laini?

#37 Fundi wa Kizota
Valvu kwa injini ya miaka miwili? Labda kama haijawahi kubadilishwa oili.

#38 Tapeti Geji
Swali zuri. @Zabibu Chungu oili umebadilisha lini?

#39 Zabibu Chungu
Nimekuwa nikiongeza.

#40 Mama Vitunguu
🙆🏾‍♀️

#41 Babu Kilimo
Mjukuu wangu. Oili ya kwanza inamwagwa ikifika saa 20 za kazi, baada ya hapo kila saa 100 au miezi sita. Kuongeza juu ya chafu ni kuosha nguo kwenye tope. Imwage injini ikiwa na joto ili takataka zitoke nayo. Weka 10W-30, ukikosa SAE 30 kwa joto letu hili inafaa.

#42 Kibaigwa Kwetu
Mimi ya kwangu ya kupukuchulia ilikuwa inazima, kumbe nyigu wafinyanzi wamejenga nyumba ya udongo kwenye ekzosi. Ilikaa stoo kuanzia mavuno hadi mavuno. Nikachokonoa, udongo na viluwiluwi vyao vikatoka, ikalia kama mpya. Usidharau.

#43 Chuma Chakavu
Huyo nyigu angeizuia tangu inawaka, sio baada ya robo saa.

#44 Kibaigwa Kwetu
Umeanza tena na Kibaigwa.

#45 Jirani wa Hombolo
Naomba kuuliza pembeni, kina cha kisima ni mita ngapi? Pampu hizi zinanyonya mita 7 au 8 tu kwa kwenda juu. Huenda maji yanashuka, pampu inanyonya hewa, injini inazidiwa.

#46 Dereva Mstaafu
Hapana, ni kinyume chake. Pampu ikikosa maji mzigo unapungua, injini inapaa na kulia, haizimi. Kitakachokufa ni sili ya pampu, maana inapozwa na maji. Ila swali la kina ni zuri kwa sababu nyingine: pampu ikikaa ndani ya shimo korongoni, hewa haizunguki, inajivuta moshi wake yenyewe na joto lake. Mleta uzi, imekaa shimoni au juu?

#47 Zabibu Chungu
Imekaa kama nusu shimoni, ukuta wa udongo upande wa ekzosi. Maji yapo karibu, kama mita 4.

#48 Dereva Mstaafu
Upande wa ekzosi umekinga ukuta! Itoe hapo kwanza. Saa saba mchana Dodoma, ukuta unarudisha joto kwenye injini na tangi, petroli inachemka kwenye mpira, povu la mvuke linaziba njia. Hiyo peke yake inatosha kuizima, na ukiifungua huoni kitu kibovu.

#49 Fundi wa Kizota
Na inatosha kuua koili pia.

#50 Zabibu Chungu
Wakuu, marudio. Nimeitoa shimoni, nimemwaga oili (ilitoka nyeusi na nzito), nimeweka mpya. Kikombe cha koki kilikuwa na tope jekundu, nimeosha. Filta ya sponji nimeifua kwa sabuni ya vyombo, nikaikausha, nikaichovya oili na kuikamua kama mlivyosema kwenye uzi mwingine. Jeti ilikuwa na uchafu upande mmoja, sio kuziba kabisa. Gasketi ya kabureta inaonekana nzima kwa macho.

Asubuhi imefanya kazi mpaka nimechoka mimi. Mchana jua lilipokolea ikazima tena mara moja, ghafla, bila kukohoa. Kibolti cha namba 10 nililegeza, petroli ilishuka mfululizo. Kamba ngumu kama kawaida. Nikatoa plagi nikaigusisha kwenye injini nikavuta, sikuona cheche.

#51 Fundi wa Kizota
Naomba niulize tu, mnasemaje sasa?

#52 Spana Kumi
Punguza kasi. Mchana wa Mpunguzi juani huwezi kuona cheche hata iwe kubwa. Afunike kwa koti au akaangalie kivulini. Na plagi mpya aliyoweka ni ipi? Ziko plagi za BPR6ES bandia kibao mtaani.

#53 Tapeti Geji
Pia nafasi ya plagi, milimita 0.7 hadi 0.8. Ikiwa pana, cheche ya koili dhaifu haiwezi kuruka ikiwa ya moto. Na kama mnafungua, pimeni nafasi kati ya koili na flaiwili (gurudumu lenye sumaku), iwe karibu milimita 0.4. Kadi ya biashara inapita hapo. Kutu ikiwepo kwenye sumaku, msasa laini.

#54 Mama Vitunguu
Jeti ilikuwa na uchafu, koki ilikuwa na tope, injini imepona asubuhi nzima. Mafuta ndiyo yalikuwa tatizo, hilo la mchana ni ukaidi uliobaki. Kaka acha chupa za njia panda.

#55 Fundi wa Kizota
Mama, petroli ilishuka mfululizo. Ameandika mwenyewe.

#56 Mama Vitunguu
Koili zangu mbili bado zipo kabatini. Atume nauli ya basi nimpakilie moja, aijaribu, tuone nani ataomba radhi.

#57 Zabibu Chungu
Mama natuma. Wakati huo nitaangalia cheche kivulini, na plagi ya zamani nitairudisha nijaribu nayo.

#58 Jirani wa Hombolo
Mkuu kama unafikiria kuiuza nipo karibu, niambie bei kabla hujafungua valvu.

#59 Zabibu Chungu
Haiuzwi. Labda koili ya mama ikikataa.

#60 Ngoja Waje
Naweka kambi hapa.